Ulishawahi kuwa na kesi na sasa unaomba kazi: mwongozo kwa watu wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Kabla sijawa msaidizi wa kisheria kwenye kata yetu huku Ilemela, nilifanya kazi miaka sita katika ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha samaki. Kazi yangu ilikuwa kusoma barua za maombi na kuandaa majina ya kuitwa kwenye usaili. Siku moja niliweka pembeni barua ya kijana wa Igombe kwa sababu mtu mmoja alininong'oneza: "Huyo alikuwa Butimba," yaani gereza letu la hapa Mwanza. Sikuuliza alikuwa Butimba kwa nini, wala mambo yaliishaje. Miezi kadhaa baadaye nikaja kujua. Alikuwa mahabusu miezi saba, kisha mahakama ikamwachia huru. Hajawahi kufungwa hata siku moja. Kazi alishaikosa, na aliyemkosesha ni mimi.

Ninaandika haya nikimkumbuka yeye, na wengine wengi waliokuja mezani kwangu baadaye. Wengine kweli walifungwa. Wengine walilipa faini wakasahau. Wengine walikamatwa tu. Wote walikuwa na hofu ileile, na karibu wote hawakuwa na karatasi hata moja mkononi. Mwajiri akianza kuchunguza, mwenye karatasi ana la kusema. Asiye nayo anasemewa na majirani.

Hatua ya 1: Jua kesi yako iliishaje

Watu husema "nilikuwa na kesi" wakadhani wamemaliza. Ndani ya maneno hayo kuna mambo tofauti kabisa, na kila moja lina uzito wake kwa mwajiri.

Kukamatwa. Ulilala kituoni, ukatoka kwa dhamana, jalada halikufika mahakamani. Hapo hakuna hukumu yoyote.

Kushtakiwa. Ulisomewa mashtaka na kesi bado inaendelea. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Hilo ni lako na unaweza kulitaja.

Kuachiwa kwa sababu shauri limeondolewa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwendesha mashtaka, au Mkurugenzi wa Mashtaka, aliondoa shauri na wewe ukaenda nyumbani. Umeachiwa, lakini hujaachiwa huru. Sheria inaruhusu kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Ukimwambia mwajiri "niliachiwa huru" halafu akaona karatasi inasema "shauri limeondolewa", atakuona mwongo hata kama hukukusudia.

Kuachiwa huru. Mahakama ilisikiliza, ikaona huna kesi ya kujibu au kosa halikuthibitika. Hapo huna hatia, na huna sababu ya kuinamisha kichwa.

Kutiwa hatiani. Hapa ndipo kwenye uzito wenyewe. Adhabu inaweza kuwa kifungo, faini, huduma kwa jamii, au ukaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12, mambo ambayo mtaani yote yanaitwa kifungo cha nje. Adhabu ikiwa ndogo, hatia inabaki hatia.

Nisimulie jinsi jambo hili linavyowapita watu. Mama mmoja wa Kirumba alikuja kwangu, ameomba kazi ya usafi kwenye hospitali.

"Dada, mimi sijawahi kufungwa," akaniambia.

"Sawa mayu, lakini mahakamani umewahi kusimama?"

"Nilisimama mara moja tu. Tuligombana na mwenzangu pale mwaloni kwa ajili ya dagaa zake. Nikalipa elfu hamsini, tukatoka wote, tukanunua soda."

"Hakimu alikuuliza nini kabla ya hiyo elfu hamsini?"

Akafikiri. "Aliuliza kama ni kweli nilimpiga. Nikasema ni kweli."

Pale ndipo alipotiwa hatiani. Alikiri, hakimu akaandika, faini ikatozwa. Ile soda waliyokunywa pamoja haikuifuta. Kwenye fomu ya kazi alikuwa ameshaandika "Hapana" kwa moyo mweupe kabisa. Tulirudi tukaomba fomu nyingine, na bahati nzuri ilikuwa bado haijapelekwa.

Kwa watu wa ziwani kuna utata wa ziada. Wengi wamewahi kukutwa na vitu vilivyokatazwa: nyavu za kokoro, nyavu za timba, au sangara wa chini ya sentimita 50. Baadhi walifikishwa mahakamani, wengine kosa lilififilishwa: walikiri kwa maandishi, wakalipa, wakaondoka bila kumwona hakimu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Angalia risiti yako, imetoka mahakamani au imetoka kwa maofisa wa uvuvi? Kama kosa lilififilishwa, hakuna hukumu ya mahakama, ingawa kuna karatasi uliyosaini kukiri. Vivyo hivyo kwa dereva aliyelipa faini ya trafiki ya shilingi 30,000 barabarani: si sawa na dereva aliyepelekwa mahakamani kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo.

Kama ulikuwa hujatimiza miaka 18, usiandike chochote kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina utaratibu wake, mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani na shauri lake halisikilizwi hadharani. Nenda kwa wakili au msaidizi wa kisheria na karatasi ulizonazo.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi

Unachohitaji ni nakala ya hukumu, au ya amri iliyomaliza shauri, yenye muhuri wa mahakama. Inapatikana kwenye mahakama ileile iliyosikiliza kesi. Usiende mahakama iliyo karibu na unapoishi sasa. Kesi ya Magu iko Magu, ya Misungwi iko Misungwi.

Ufunguo wa kila kitu ni namba ya shauri. Ipo kwenye hati ya mashtaka, kwenye risiti ya faini, kwenye karatasi ya dhamana aliyosaini mdhamini wako, na kwenye karatasi uliyopewa siku ya kutoka gerezani. Muulize mjomba aliyekudhamini. Wazee wetu hawatupi karatasi zenye muhuri. Mara mbili nimeona namba ya shauri ikipatikana ndani ya sanduku la bibi, imewekwa pamoja na kadi za kliniki.

Kama namba imepotea kabisa, mpelekee karani majina yako kama yalivyoandikwa wakati ule, kosa, na mwezi na mwaka wa karibu iwezekanavyo. Majina yana shida zake. Mtu alishtakiwa kama Masanja Shija, leo kitambulisho chake cha NIDA kinasema Emmanuel Masanja Shija. Taja yote mawili.

Barua yenyewe iwe fupi, iende kwa Hakimu Mfawidhi:

"Mimi ni mshtakiwa katika Shauri la Jinai Na. ... la mwaka ..., lililosikilizwa katika mahakama yako. Ninaomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na adhabu kwa ajili ya maombi ya ajira. Naambatisha nakala ya kitambulisho changu. Namba yangu ya simu ni ..."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Bila muhuri ule, wiki tatu baadaye utaambiwa barua yako haikuonekana, na utaanza upya.

Anayetoka Ukara au Irugwa na kesi yake iko Nansio, asipande chombo kabla ya kumpigia ndugu aliyeko mjini akaulizie kama jalada limepatikana. Nauli ya kwenda na kurudi mara tatu imewakatisha tamaa watu wazuri. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wanaweza kwenda na kurudi siku moja bila kusubiri kivuko.

Hukumu za mahakama za mwanzo zimeandikwa kwa Kiswahili, utazisoma mwenyewe. Hukumu za zamani za mahakama za wilaya kwenda juu mara nyingi ni za Kiingereza. Tafuta mtu akusomee neno kwa neno, na umsimamishe pale penye amri ya mwisho. Mistari ile mitatu ya mwisho ndiyo mwajiri atakayoisoma.

Jambo moja zaidi. Kama kesi yako ilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, kuna uwezekano mkubwa hukumu iko mtandaoni, kwenye hifadhi ya TanzLII, na jina lako lipo. Litafute mwenyewe leo. Afisa utumishi mwenye simu na dakika tano atalitafuta pia.

Hatua ya 3: Rekebisha kinachorekebishika

Kama hukumu ni ya karibuni na unaona hukutendewa haki, rufaa ina saa yake. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, unatoa notisi ndani ya siku 10, kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45. Muda ukipita unaweza kuomba kuongezewa, lakini lazima uwe na sababu nzito ya kuchelewa. Rufaa ikifaulu na hatia ikafutwa, rudi na hukumu hiyo mpya kwenye ofisi ya upelelezi iliyofungua jalada lako, na uombe kwa maandishi kumbukumbu ziwekwe sawa. Usidhani habari zitasafiri zenyewe kutoka mahakamani kwenda polisi.

Fanya hivyohivyo kama uliachiwa huru tangu mwanzo.

Kuhusu msamaha wa Rais, naomba tuelewane. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe na kupunguza adhabu, na kila Desemba 9 au Aprili 26 tunasikia wafungwa wametoka. Lakini misamaha mingi ya sikukuu inafupisha kifungo kilichobaki, na hukumu inabaki palepale. Ukiandika kwenye fomu "sina kosa, nilisamehewa", unajiweka pabaya. Vilevile theluthi moja ya kifungo inayopunguzwa kwa mwenendo mzuri gerezani. Mtu aliyehukumiwa miaka 3 akatoka baada ya miaka 2 alihukumiwa miaka 3, basi.

Na kuna uvumi nataka tuache kuupeleka mtaani, kwamba kosa "linafutika" baada ya miaka 7. Hiyo ni habari ya Marekani, na hata huko inahusu zaidi kukamatwa ambako hakukuishia kwenye hukumu. Uingereza nao wana sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu fulani zihesabike zimepitwa na muda. Wewe unaomba kazi Nyakato. Usikae ukingoja miaka ipite ukitumaini sheria ya nchi nyingine itakufikia.

Hatua ya 4: Pima kazi kabla hujapoteza nauli

Kuna milango iliyofungwa, na ni vizuri kuijua mapema. Matangazo ya ajira za Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto huandika wazi kwamba mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Ukiwa umetiwa hatiani, usilipe pesa ya mtu anayekuahidi "kukuingiza". Atakula pesa yako na hutamwona tena.

Kwingine kote, angalia kosa na kazi vinagusana wapi. Nilipokuwa ofisini, hukumu ya wizi wa mali ya mwajiri kwa mtu anayeomba kazi ya keshia ilikuwa jambo zito, na sikuona ubaya kulizingatia. Lakini hukumu ya bangi ya mwaka 2012 kwa fundi wa majokofu mwenye miaka 35 na watoto watatu? Au ugomvi wa mwaloni kwa mama wa usafi? Naamini kumnyima mtu kazi kwa hayo ni kumwadhibu mara ya pili, na nimewaambia maafisa utumishi wenzangu hivyo waziwazi. Shule na vituo vya watoto ni habari nyingine. Mwenye hukumu ya kumdhuru mtoto asiombe huko, na mwajiri anayechunguza kwa makini hapo anafanya kazi yake.

Migodi ya Geita na Kahama, na makampuni yanayoihudumia, mara nyingi hutaka cheti cha polisi kabla ya mkataba. Makampuni ya ulinzi na mabenki pia. Maduka, gereji, maboti na viwanda vingi vidogo havitaki cheti, vinataka wadhamini. Nitafika huko.

Kuhusu sheria, nisikufiche. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi tangu kwenye hatua ya kuomba kazi, na orodha yake ni ndefu: rangi, kabila, mahali ulikotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, virusi vya Ukimwi, umri na mengine. Hukumu ya jinai haikutajwa humo. Kwa hiyo mwajiri anaruhusiwa kuuliza, na huwezi kutegemea kumshitaki kwa kuuliza. Itakubidi umshawishi.

Hatua ya 5: Cheti cha tabia njema

Jina hilo la mitaani la cheti cha polisi linapotosha, kwa sababu cheti hakisemi kama tabia yako ni njema. Kinasema alama za vidole vyako zimelinganishwa na kumbukumbu za wahalifu za Jeshi la Polisi, na nini kimeonekana. Ndiyo maana kubadili jina hakusaidii. Vidole ni vilevile.

Andaa kitambulisho cha NIDA au pasipoti, picha ndogo, na barua ya mwajiri au ya serikali ya mtaa inayoeleza unakihitaji kwa nini. Malipo fanya kwa namba ya malipo ya Serikali tu, ile tunayoiita kontroo namba. Usimpe mtu fedha mkononi. Anza mapema, usingoje wiki ya kuripoti kazini.

Sasa vidole. Naomba wanaokata minofu, wanaoparua samaki na wanaovuta nyavu wasome hapa taratibu. Nilimsindikiza msichana aliyekuwa amekata minofu ya sangara kwa miaka mitano. Askari alipaka wino kwenye kibao, akaubingirisha kwa rola mpaka ukawa mwembamba, akakishika kidole chake cha shahada na kukiviringisha kwenye karatasi kutoka ukucha hadi ukucha. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa doa jeusi laini, kama alama ya kizibo cha chupa. Mistari hakuna. Kidole cha pili vilevile. Barafu, kisu, magamba na dawa ya kuoshea mikono vilikuwa vimeilamba mistari yote. Askari, mtu mstaarabu sana, akamwambia: "Mdogo wangu, nenda ukapumzishe hivi vidole, urudi wiki ijayo."

Tukafanya hivi: akaomba kubadilishiwa zamu aende kwenye kufungasha, akiwa amevaa glavu. Kila usiku alipaka mafuta mazito mikononi. Akaacha kufua kwa sabuni ya unga, mdogo wake akamsaidia. Asubuhi ya siku ya kwenda aliosha mikono kwa maji ya uvuguvugu akaikausha vizuri, bila mafuta, maana mafuta hufanya wino uteleze. Vidole nane kati ya kumi vilitoka safi. Ukikaa kwenye kazi hizi, jipe wiki nzima ya kutunza mikono kabla ya kwenda kuchukuliwa alama.

Cheti kikija na kumbukumbu usiyoitambua, usigombane pale kaunta. Omba ujue namba ya jalada na kituo, rudi Hatua ya 2, tafuta karatasi, andika barua.

Na wapo mjini watakaokuambia wanaweza kukutengenezea cheti safi kwa siku moja. Kughushi hati kunaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 7. Utakuwa umetoka kwenye kosa la faini ya elfu hamsini, umeingia kwenye kosa ambalo hakuna mwajiri atakayelisahau.

Hatua ya 6: Mtaa wako

Uchunguzi mwingi hapa kwetu unafanywa kwa simu ya mkononi. Afisa utumishi anampigia mwenyekiti wa mtaa, anamuuliza: "Huyu unamfahamu? Yukoje?" Nimepiga simu za namna hiyo mara nyingi sana, na nakuhakikishia jibu la mwenyekiti wa Mabatini au Igoma lilikuwa na nguvu kuliko vyeti vitatu.

Kwa hiyo usiende kwa mwenyekiti siku unayohitaji barua ya utambulisho tu. Nenda kabla. Msalimie, kaa, mweleze: "Shikamoo mzee. Unakumbuka yale mambo yangu ya 2018. Yaliisha hivi, karatasi hii hapa. Sasa naomba kazi, na huenda wakakupigia." Wenyeviti wengi wanajua tu mwanzo wa kesi yako, yaani siku gari la polisi lilipokuja. Mwisho hawaujui kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mpelekee mwisho huo.

Wadhamini wawili ni bora wawe watu wanaojua yote. Mdhamini anayeshtukia habari zako mbele ya mwajiri hujitoa siku hiyohiyo. Mtu aliyekusimamia kazini baada ya kesi anazidi shehe au mchungaji, ingawa hao nao wanafaa. Kama tangu utoke umekuwa ukibeba mizigo mwaloni, mwombe mwenye boti au mwenye stoo aandike mistari mitano na namba yake ya simu: umefanya nini, tangu lini, alikuwa anakuachia nini. "Nilimwachia ufunguo wa stoo" ni sentensi ninayoiona ikifungua milango kila mwaka.

Hatua ya 7: Fomu na usaili

Kwenye barua ya maombi na CV huna haja ya kuandika habari za kesi kama hujaulizwa. Pengo la miaka ukiwa gerezani usilizibe kwa kazi ya uongo. Liache lilivyo, au kama ulijifunza ufundi kule, andika ufundi huo. Ukiulizwa, utajibu.

Fomu isome kitenzi kwa kitenzi. "Umewahi kutiwa hatiani?" na "Umewahi kushtakiwa?" ni maswali mawili. Yule kijana wa Igombe kwa swali la kwanza angeandika "Hapana", na ingekuwa kweli tupu. Kwa la pili angeandika "Ndiyo, niliachiwa huru, nakala imeambatishwa." Nafasi ikiwa ndogo, andika "angalia kiambatisho" na uambatishe.

Usaili ndio unaowatoa watu jasho. Jibu liwe na mambo manne: nini, lini, kiliishaje, na nini kimefuata. Dakika moja inatosha. Mfano:

"Ndiyo, mheshimiwa. Mwaka 2017, mahakama ya mwanzo, kosa la shambulio. Nilikuwa na miaka 22, tuligombana kazini. Nilikiri, nikalipa faini siku hiyohiyo. Tangu hapo sijarudi mahakamani. Nimefanya kazi kwa mtu mmoja miaka minne, barua yake hii hapa, na nakala ya hukumu hii hapa."

Kisha nyamaza. Watu huharibu baada ya hapo. Wanaanza kueleza yule mwenzao alivyokuwa mkorofi, polisi walivyokuwa, hakimu alivyokuwa. Nikiwa upande wa pili wa meza, nilichokuwa nakitafuta ni kama maneno ya mwombaji yanafanana na karatasi. Yakifanana, nilianza kumwamini hata kwenye mambo mengine. Maneno "nilisingiziwa" yatumie tu kama mahakama ilikuachia huru.

Jizoeze kusema kwa sauti mbele ya mtu, si kichwani. Mara ya kwanza sauti itakatika. Mara ya tano haitakatika. Wanaume wazima wamelia kwenye kiti changu cha plastiki wakijizoeza jibu hili, na wiki iliyofuata wakalisema kwenye usaili bila kutetereka.

Uongo una gharama yake ya baadaye. Ukiajiriwa kwa kuficha ulichoulizwa waziwazi, mwajiri akigundua atakuita mbele ya kamati ya nidhamu kwa utovu wa uaminifu, na chini ya Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 utovu mkubwa wa uaminifu unatosha kumwachisha mtu kazi. Kwenye maombi ya Serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, matangazo yenyewe yanaonya kwamba taarifa za kughushi zitachukuliwa hatua za kisheria.

Hatua ya 8: Karatasi ya ridhaa

Siku hizi utapewa karatasi usaini kuruhusu mwajiri akuchunguze. Isome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa zinazohusu makosa kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida zinahitaji ridhaa yako ya maandishi. Una haki ya kuuliza wanatafuta nini, nani ataziona, na zitakaa wapi. Uliza kwa heshima: "Samahani dada, hizi taarifa baada ya hapa zinatunzwaje?" Omba nakala ya ulichosaini. Ukiona habari za kesi yako zinazungumzwa kantini, una pa kulalamika: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 9: Ukikataliwa, au kesi ikikukuta ukiwa kazini

Ukikataliwa, omba sababu kwa utulivu, ikiwezekana kwa maandishi. Mara nyingine ni jina limefanana na la mtu mwingine, hasa huku kwetu kwenye akina Masanja na Shija wengi, na nakala ya hukumu au cheti cha vidole huimaliza siku hiyohiyo. Usifunge mlango kwa maneno makali. Nimeona mtu aliyekataliwa Machi akiitwa Julai.

Kama tayari umeajiriwa na umeshtakiwa mahakamani, jua kwamba sheria ya ajira inamzuia mwajiri kukuadhibu au kukuachisha kwa jambo lilelile unaloshtakiwa nalo mpaka mahakama imalize, pamoja na rufaa. Usisaini barua ya "kujiuzulu kwa hiari" kwa sababu umekamatwa jana. Piga simu kwa chama cha wafanyakazi, wakili, au msaidizi wa kisheria wa kata yako kwanza. Huduma yetu ni ya bure.

Ukiachishwa, unapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi yao ya Mwanza, ndani ya siku 30. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6, kwa hiyo tafuta mkataba wako uone tarehe ya kuanza. Halafu chukua kalamu, na juu ya bahasha ya barua ya kuachishwa andika siku uliyoipokea na saa, umwombe aliyekukabidhi asaini hapohapo. Hesabu ya siku 30 itabishaniwa kwa kuangalia bahasha hiyo.